Kwani Sisi Hatukuwa na Panga?



Sisi tunaokaa kisiwa hiki cha The Pearl tunaona kila siku kwamba vijana wetu wanaijua Japani kuliko wanavyoijua Pemba. Wameipatia kwenye katuni. Wanakutajia shujaa na upanga wake, na jioni ukipita pembezoni mwa maji pale Porto Arabia hukosi kumwona mtoto wa Kiswahili akipunga upanga wa mbao hewani huku mama yake akimkemea asimpige mpita njia. Hatuna ugomvi na hilo. (Mtu wa Kilifi akisikia neno katana hudhani anaitwa jirani yake, lakini hayo tuyaache.) Ila mmoja wa watoto hao, mzaliwa wa Doha, alituuliza: kwani sisi hatukuwa na panga? Tulikuwa nazo. Lakini kwa nini upanga wa Mjapani umemfikia mtoto huyu na wa babu yake haukumfikia, hilo halielezeki kwa neno moja, na inabidi tupitie Japani kwanza.

Tuanze na chuma, maana wengi wetu ni wahandisi na hapo ndipo tunapojisikia nyumbani. Upanga wa Kijapani huanzia kwenye mchanga wenye chuma, unaoyeyushwa kwa makaa ya mkaa katika tanuri la udongo kwa muda wa siku tatu, usiku na mchana. Kinachotoka ni bonge la feleji lisilolingana, huku gumu, huku laini, huku limejaa takataka. Mhunzi huchagua vipande, akavipiga, akavikunja, akavipiga tena. Watu husifu sana kule kukunja, kana kwamba ni uchawi. Si uchawi. Ni kukisafisha chuma na kukisawazisha, kwa kuwa malighafi yenyewe haikuwa ya kujivunia.

Ajabu yenyewe iko mbele. Kabla ya kuutia majini, mhunzi huupaka upanga udongo, mwingi mgongoni na kidogo sana kwenye makali. Akiutoa motoni na kuuzamisha, makali hupoa ghafla na feleji yake hugeuka kuwa ile hali ngumu tunayoiita martensaiti, ambayo hujaza nafasi kubwa kidogo kuliko chuma cha awali. Mgongo ulio chini ya udongo hupoa taratibu na hubaki laini. Basi upande mmoja umetanuka, wa pili haukutanuka vile, na upanga hujipinda. Ule mpindo mzuri tunaouona kwenye picha umekamilishwa na maji, na panga nyingine hupasuka papo hapo, kazi ya siku nyingi ikaishia kwenye ndoo. Hata leo sheria ya Japani humruhusu mhunzi mwenye leseni kutengeneza panga ndefu mbili tu kwa mwezi.

Lakini upanga huo haukuwa wa kila mtu. Mwaka 1588 mtawala Toyotomi Hideyoshi aliamuru wakulima wanyang'anywe silaha, akasema chuma chao kitatumika katika ujenzi wa sanamu kubwa ya Budha. Kuanzia hapo, na hasa katika amani ndefu ya ukoo wa Tokugawa kuanzia 1603 hadi 1868, panga mbili kiunoni zilikuwa kitambulisho cha samurai. Aliyevaa panga mbili alijulikana ni nani kabla hajafungua kinywa.

Na katika amani hiyo, watu waliobeba silaha bila vita vya kupigana wakaanza kufikiri. Yagyu Munenori, mwalimu wa upanga wa mashoguni, alimaliza kitabu chake mwaka 1632, na ndani yake mna fikra ya upanga unaoua na upanga unaohuisha. Rafiki yake Takuan, mtawa wa Zen, alimwandikia kwamba moyo wa mpiganaji usigande mahali popote, si kwenye upanga wa adui wala kwenye upanga wake mwenyewe, kwani ukiganda tu umekwisha. Miyamoto Musashi naye akaandika chake karibu na kifo chake mwaka 1645. Tuliposoma ughaibuni tuliviona vitabu vya namna hii vikiuzwa kwa wafanyabiashara kama siri za kupata faida. Sisi tunadhani vilivyo hai zaidi ni vile visivyouzika, yaani mazoezi yenyewe.

Mfano ni mmoja, na ndio uliotufanya tuandike. Katika shule nyingi za kale, watu hufanya mazoezi wawili wawili kwa panga za mbao, kwa hatua zilizopangwa ziitwazo kata. (Watoto wetu hudhani ni kitenzi chetu, na hawako mbali.) Mtu angetazamia mwalimu awe mshindi. Sivyo. Mkubwa ndiye anayeshambulia, na ndiye anayeshindwa. Hufungua nafasi kwa kipimo, mdogo akaiona, akaingia, na upanga wake ukasimama karibu kabisa na mwili wa mwalimu. Mzee wa miaka 70 anaweza kuwa ameshindwa hivyo mara elfu nyingi maishani mwake, na kila mara ameshindwa kwa makusudi ili mwingine ajue kushinda bila kuumiza. Katika iaido, mtu hufanya peke yake: huchomoa, hukata hewa, kisha huurudisha upanga alani polepole, macho bado yako kwa adui asiyekuwepo. Huko kurudisha alani hufundishwa kwa uangalifu uleule wa kuchomoa.

Sasa sikilizeni yaliyowapata. Majimbo yalifutwa mwaka 1871 na samurai wengi wakakosa riziki. Mwaka 1873 bingwa mmoja, Sakakibara Kenkichi, aliandaa maonyesho ya kupigana kwa viingilio kule Tokyo, na watu wakaenda kuwatazama mabingwa kama wanavyotazama mieleka. Mwaka 1876 ikaja amri ya kuwakataza kuvaa panga hadharani. Mtu angesema mchezo umekwisha. Lakini polisi wa Tokyo wakawaajiri walimu wa upanga, mwaka 1895 chama cha kitaifa kikaundwa Kyoto, na mwaka 1911 shule za sekondari zikaruhusiwa kuufundisha. Mchezo wa fimbo za mianzi na mavazi ya kinga, uliokwisha kuzoeleka tangu karne ya 18, ndio ukawa kendo. Tusifiche upande wa pili: chama hichohicho kilikuja kuwa chombo cha wanajeshi, na vijana wa Japani walipelekwa vitani wakiwa wameshibishwa maneno ya upanga. Baada ya kushindwa mwaka 1945 mazoezi hayo yalipigwa marufuku. Yaliporudi, shirikisho jipya likaundwa mwaka 1952, na mwaka 1975 likaandika kwa maneno machache kwamba lengo la kendo ni kumlea mtu. Leo anafanya mwanamke, mtoto, Mbrazili na Mkorea.

Tukirudi kwetu, wasomaji wa Unguja na Muskat mtatusahihisha tukipunguza. Upanga wa Kiomani ulio maarufu ni mrefu na mnyoofu, una makali pande mbili, mpini wake hauna kinga ya mkono, na bapa lake ni jembamba hata likitikiswa hutetemeka na kulia. Huo ndio upanga wa razha. Wachezaji huurusha juu na kuudaka kwa mpini ukishuka, na asiyeweza kuudaka asiurushe. Kisha kuna pambano la wawili, upanga mkono wa kulia na ngao ndogo ya ngozi ya kifaru mkono wa kushoto. Ushindi ni nini? Kukigusa kidole gumba cha mkono wa kushoto cha mwenzako. Kukigusa tu. Mtu mwenye wembe wa urefu wa mkono mzima anatakiwa afike kwenye kidole na asimame hapo! Munenori angelielewa jambo hilo bila mkalimani.

Razha ilivuka bahari pamoja na Waomani ikachezwa Unguja. Na Lamu, hasa wakati wa Maulidi, kuna kirumbizi: duara la wanaume, zumari na ngoma, wawili wanaingia na bakora, wanapigana kwa mapigo yanayofuata ngoma, kisha wanawapisha wengine. Makunduchi wana Mwaka Kogwa wao na vigogo vya migomba. Kila mahali ni jambo lilelile: kuuchukua ugomvi, kuuwekea mipaka na kuufanya uchezeke.

Kwa nini basi haukumfikia mtoto wetu? Jibu rahisi ni kwamba hatukuandika. Lina ukweli, lakini halitoshi. Lugha yetu yenyewe inajua zaidi. Upanga ni wa bwana, panga ni la kufyekea shamba, na neno ni moja. Unguja ya masultani, upanga na jambia vilikuwa vazi la mwenye shamba, na panga lilikuwa mkononi mwa aliyemlimia. Tarehe 12 Januari 1964 mapanga hayo yaliingia mjini. Waliokuwa wakicheza razha wengi waliuawa au walikimbia, na baada ya hapo nani angeucheza mchezo wa panga za mabwana kwenye uwanja wa wazi? Kule Japani upanga ulivuliwa utabaka wake kwa amri mwaka 1876, ukabaki na elimu yake. Kwetu utabaka na elimu vilizikwa kaburi moja. Wapo wenzetu waliokwenda Oman baada ya 1970 wakaikuta razha kwenye sikukuu, wakaitazama kama wageni, ilhali babu zao waliicheza Ng'ambo na Malindi.

Hata hapa Qatar jambo hili lina kina. Tarehe 18 Disemba, siku ya taifa, wenyeji hucheza ardha kwa panga, na sisi hupiga picha. Kisiwa chetu kimepewa jina la lulu, na waliozizamia lulu hizo zamani walikuwemo watumwa waliotolewa pwani yetu. Nyumba ya makumbusho ya Bin Jelmood pale Msheireb inaeleza waziwazi. Utumwa ulifutwa hapa mwaka 1952. Mjukuu wa bwana na mjukuu wa mtumwa wote wako hai, tena pengine wote wanakaa jengo moja na wanapanda lifti moja, na tukisema tuwafundishe watoto razha, lazima tujue tunamfundisha mtoto wa nani na atashika upanga kama nani. Maoni yetu ni kwamba tuanze na bakora ya kirumbizi, ambayo haikuwa alama ya ubwana, na mtoto wa kike naye aingie duarani.

Kwa hiyo tunaomba kitu kimoja. Mwenye mzee aliyecheza razha Unguja au kirumbizi Lamu, Pate au Pemba, amuulize mambo madogomadogo kabla ya makubwa: mguu upi unaanza, fimbo inashikwa wapi, anayeingia duarani anamwamkiaje aliyemo, zumari inabadilika wakati gani, na mkubwa akicheza na mdogo, ni nani anayeachia. Aandike kwa maneno ya mzee mwenyewe, au amrekodi. Simu zetu zote zina kamera, na wazee hawa wengi wamepita miaka 80.