Treni Isiyopigwa Picha

Wazee wa Mtwara wanajua: kwetu palikuwa na reli. Waingereza waliijenga kwa ajili ya mpango wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kufa mwaka 1951. Karanga zilikataa, bandari ikabaki, na reli ya kwenda Nachingwea ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mimi sikuiona. Lakini riwaya ninayoiandika inaanzia stesheni, sasa nitafanyaje? Basi nikaichora treni kwa kompyuta.

Ilitoka safi mno, kama gari la kuchezea watoto. Sababu, ndugu msomaji, ni hii: jicho la kompyuta ni kama tundu la sindano. Halina lenzi. Cha karibu na cha mbali huonekana sawasawa, na gurudumu linalokwenda mbio hutoka limesimama tuli. Mwaka 1981 Michael Potmesil na Indranil Chakravarty walionyesha namna ya kuitia picha ukungu wa lenzi baada ya kuchorwa: mashine hukumbuka umbali wa kila nukta, kisha huififisha iliyo nje ya shabaha. Mwaka 1984 Cook, Porter na Carpenter wa kampuni ya Lucasfilm wakaleta njia ya kupata ukungu huo, na ule wa mwendo, wakati mashine inachora. Ajabu kweli! Mafundi wa kamera walihangaika zaidi ya miaka mia kuyapunguza makosa hayo; mafundi wa kompyuta wakahangaika kuyarudisha.

Na mimi nikayarudisha. Nikafifisha magurudumu, nikatia giza pembeni, chengachenga za filamu, na jua lililopasuka kwenye lenzi ambayo haikuwepo.

Nikamwonyesha babu, aliyeiona treni ile akiwa mtoto. Aliitazama sana, machozi yakamlengalenga.

"Ndiyo yenyewe. Mjukuu wangu, nani alikuwa na kamera siku ile?"

Nikanyamaza. Treni nimeikisia tu. Kilichomdanganya babu ni yale makosa. Na keshokutwa picha ikizagaa kwenye simu, mtoto wa shule ataapa kwamba hiyo ndiyo historia yetu.

"Hakuna, babu. Nimeitunga."

Akakaa kimya, kisha akacheka. "Basi liandike hilo hapo chini. Halafu moshi umeutia kidogo mno."

Nimeandika. Na moshi nimeuongeza.