Kisabengo

Kisabengo alikuwa kiongozi wa Kizigua wa karne ya 19, mwanzilishi wa Simbamwene, mji wenye ngome uliojengwa chini ya Milima ya Uluguru, jirani na ilipo Morogoro ya leo. Hakutoka katika ukoo mkubwa. Nguvu zake na ufasaha wa ulimi ndivyo vilivyowafanya watumwa waliotoroka wamchague kuwa mkuu wao, na kwa maelezo ya msafiri Henry Morton Stanley, alikimbilia Ukami akikwepa hukumu ya Sultani wa Zanzibar. Huko aliwashinda Wakami, akatwaa bonde lenye rutuba la Mto Ngerengere, akazungushia mji wake kuta za mawe zenye minara.

Kumwita mkombozi tu ni kuwasahau majirani zake, kwani wasafiri walimtaja pia kuwa mtekaji watu.

Alirithiwa na binti yake, aliyeitwa pia Simbamwene, ambaye ndiye aliyetawala Stanley alipopita mwaka 1871. Mwaka uliofuata mafuriko yalibomoa sehemu ya ukuta.