Linux: Amri au dirisha katika kusakinisha programu?

MWENYE tarakilishi ya Linux mjini Thika au Ruiru ana njia mbili za kusakinisha programu: kuandika amri au kubofya kipanya.

Katika Debian, iliyoanzishwa mwaka wa 1993, na Ubuntu, iliyochipuka kwayo mwaka wa 2004, programu huja kama vifurushi. Apendaye madirisha hutumia Synaptic: husoma maelezo, kisha hutia alama kwenye anachotaka. Anayeanza hufaidika, kwani hahitaji kukariri majina.

Atumiaye amri huandika 'sudo apt-get install' na jina la kifurushi. Kwa njia hii, fundi aliye Ruiru aweza kuhudumia mashine iliyo Thika kupitia SSH bila kupanda matatu, hata mtandao ukisuasua, kwa kuwa yanayosafiri ni maandishi tu.

Chini ya njia zote mbili hufanya kazi dpkg. Ndiyo maana haziwezi kusakinisha kwa wakati mmoja. Ni lazima moja imalize kwanza.

Anayenunua data kwa kipimo asiharakishe. Panapohitajika vifurushi vya ziada, au vingine kuondolewa, apt-get huvitaja pamoja na ukubwa wa upakuaji, kisha huomba idhini. Kukubali bila kusoma kwaweza kumaliza data au kung'oa programu unayoitegemea.

Aidha, vilivyopakuliwa na apt-get hubaki katika /var/cache/apt/archives. Vyaweza kunakiliwa hadi tarakilishi nyingine ya aina na toleo lilo hilo, na data ikaokolewa.