Pointi: swichi ya cheche katika trekta la bustani la zamani

Pointi ni swichi ndogo inayofunga na kufungua saketi ya umeme wa kuwashia injini ya petroli. Ina vidonge viwili vya metali ngumu, kwa kawaida tungsteni: kimoja kimetulia kwenye kitako, kingine kimo kwenye mkono mfupi unaosukumwa na springi. Vikigusana, umeme wa betri hupita. Vikiachana, umeme hukatika, na papo hapo plagi hutoa cheche. Mafundi wa Afrika Mashariki waliizoea ndani ya distribyuta za Land Rover za petroli na Peugeot 404, kabla vifaa vya elektroniki havijachukua kazi hiyo. Katika magari ya leo haipo tena. Anayemiliki trekta la bustani la miaka ya 1960 au 1970, hata hivyo, hana budi kuijua, kwa kuwa sehemu kubwa ya matrekta hayo yanayogoma kuwaka hayana ubaya mwingine ila ule wa pointi.

Trekta la bustani si pawatila, ambayo mkulima huishika kwa mikono na kuifuata kwa miguu, wala si mashine nyepesi ya kukalia inayokata nyasi na basi. Ni trekta la magurudumu manne lenye gia, mahali pa kufungia jembe na nguvu za farasi kati ya 7 na 20 hivi, lililoundwa kwa ajili ya nyumba za Marekani zenye kiwanja kikubwa. Kazi yake ni kukata nyasi kiangazi, kulima kitalu cha mboga na kusukuma theluji wakati wa baridi. Kampuni ya Wheel Horse ilianza South Bend, Indiana, mwaka 1946. International Harvester ikatoa Cub Cadet mwaka 1961, na John Deere ikafuata na modeli ya 110 mwaka 1963. Mengi ya matrekta hayo yalifungwa injini moja: Kohler ya mfululizo wa K, yenye silinda moja, bodi ya chuma cha kusubu na vali za ubavuni. Ndiyo inayofuatwa katika maelezo haya, kwa sababu pointi zake zimewekwa nje, ubavuni mwa injini, chini ya kifuniko kidogo ambacho bisibisi hukifungua kwa dakika moja. Katika injini nyingine ndogo za wakati huo hufichwa chini ya flaiwili, na fundi hulazimika kuing'oa kwanza.

Utaratibu wenyewe ulibuniwa na Charles Kettering wa Delco na kuanza kutumika katika Cadillac za mwaka 1910. Umeme wa volti 12 hutoka kwenye betri, hupitia swichi ya funguo, huingia kwenye koili, kisha hufika kwenye pointi na kuishia kwenye bodi ya injini. Koili ina nyaya mbili zilizozungushwa juu ya kiini cha chuma: mnene wa mizunguko michache na mwembamba wa mizunguko maelfu. Pointi zikiwa zimefungwa, waya mnene hujenga uga wa sumaku. Zikifunguka ghafla, uga huo huporomoka, na kuporomoka kwake huzalisha katika waya mwembamba umeme wa volti elfu kumi na zaidi, unaotosha kuruka mwanya wa plagi. Cheche basi haizaliwi pointi zinapogusana, bali zinapoachana. Anayeanza kujifunza hudhani kinyume chake, na dhana hiyo humfanya atafute ubovu mahali pasipo.

Kwenye Kohler K, kinachozifungua pointi ni kijiti cha chuma kinachosukumwa na kemshafti. Kemshafti huzunguka mara moja kila kranki inapozunguka mara mbili, kwa hiyo injini inayokwenda mizunguko 3,600 kwa dakika hufungua pointi zake mara 1,800 katika dakika hiyo, yaani mara 30 kwa sekunde. Kwa kazi hiyo, kuchakaa kwake si jambo la kushangaza.

Jina la Kiingereza la kifaa hiki kwa ukamilifu wake lina dhana tatu: mguso, kukatiza na ncha. Gereji za Kiswahili zilichukua ya mwisho tu, ambayo ndiyo isiyoeleza kazi. Wafaransa walifanya vivyo hivyo kwa njia yao: jina lao hutaja skrubu na platini, na fundi wa Lubumbashi anayesoma kitabu cha Kifaransa hukutana na platini ambayo katika kifaa kilicho mkononi mwake haimo. Tafsiri inayobeba maana ingekuwa kikatizi, kwa kuwa kukatiza ndiko kunakoleta cheche. Neno hilo lafaa liwepo katika fasili, lakini katika maelekezo ya kazi ni heri kuiacha pointi mahali pake. Hakuna duka la vipuri litakalouza kikatizi, na anayesema pointi zimeungua hueleweka mara moja, ijapokuwa neno hilohilo huhesabu pia ushindi wa timu za mpira. Kwa nafasi iliyo kati ya vidonge viwili, Kiswahili hakihitaji kuazima gepu: mwanya unatosha, na ni neno ambalo kila mtu analijua kutoka kwenye meno.

Kando ya pointi hufungwa kopo dogo la bati lenye waya mmoja. Gereji huliita kondensa. Vitabu vya fizikia huliita kapasita, na hapa vitabu vina haki zaidi, maana fundi wa friji naye ana kondensa yake isiyohusiana kabisa na hii. Kazi ya kapasita ni kuumeza umeme unaotaka kuendelea kuruka kati ya vidonge vinapoanza kuachana. Bila hiyo, cheche hutokea penye pointi badala ya penye plagi, uga wa sumaku huporomoka polepole, na vidonge huungua kwa muda mfupi. Dalili ya kapasita mbovu ni mwako wa buluu unaoonekana wazi kwenye pointi injini ikizungushwa, pamoja na cheche dhaifu ya rangi ya manjano penye plagi.

Mwanya wa pointi za Kohler K hupimwa pale zinapokuwa zimefunguka kabisa, na kipimo chake cha kawaida ni inchi 0.020, takriban milimita 0.5. Plagi huondolewa kwanza ili flaiwili izunguke kwa mkono bila kushindana na mgandamizo, na gia huwekwa huru. Flaiwili huzungushwa taratibu mpaka mkono wa pointi ufike mwisho wa kufunguka. Hapo bamba la fila lenye unene huo hupitishwa kati ya vidonge: liguse pande zote mbili bila kubanwa. Skrubu ya kitako hulegezwa, kitako husogezwa, skrubu hukazwa, kisha mwanya hupimwa tena, kwa sababu kukaza kwenyewe mara nyingi huusogeza.

Mwanya huo si suala la upana tu, bali pia la wakati wa cheche. Ukiongezwa, pointi hufunguka mapema na cheche hutangulia. Ukipunguzwa, cheche huchelewa. Ndiyo sababu kipimo cha fila ni mwanzo tu, na kipimo cha mwisho ni alama ya flaiwili. Kwenye injini hizi herufi S iliyochongwa kwenye flaiwili huonekana kupitia tundu dogo, ikionyesha nyuzi 20 kabla pistoni haijafika juu kabisa. Taa ndogo ya volti 12 hufungwa kati ya waya wa pointi na bodi ya injini, funguo ikiwa imewashwa. Pointi zikiwa zimefungwa taa huzimika, kwani umeme unapata njia rahisi zaidi. Zikianza kuachana taa huwaka. Iwapo inawaka wakati S inapofika kwenye alama ya tundu, taimingi, yaani wakati wa cheche, iko sawa. Kazi hii isifanywe karibu na petroli iliyo wazi, na funguo isiachwe imewashwa muda mrefu injini ikiwa imesimama, maana pointi zilizofungwa hupitisha umeme mfululizo na kuipasha koili moto hadi iharibike.

Trekta lililokaa ghalani miaka kadhaa huwa na pointi zinazoonekana nzima lakini hazipitishi umeme. Utando mwembamba wa oksidi umezifunika. Hapo hakuna haja ya kununua mpya: tupa laini bapa hupitishwa mara mbili tatu, kisha karatasi ngumu safi iliyoloweshwa spiriti huvutwa kati ya vidonge ili kuondoa vumbi na mafuta. Msasa haufai, kwani chembe zake hujipachika kwenye metali na kuzuia mguso. Vidonge vilivyochimbika upande mmoja na kuota kinundu upande wa pili hubadilishwa pamoja na kapasita. Kubadilisha kimoja na kuacha kingine ni kuahirisha kazi ileile.

Pointi zinazoungua tena baada ya saa chache za kazi zina sababu nje yake. Mara nyingi ni koili ya gari iliyofungwa bila rezista, inayopitisha umeme mwingi kuliko vidonge vinavyoweza kustahimili. Na zikikutwa zimelowa mafuta ya injini, kijiti kimechakaa ndani ya tundu lake, au pumuo la injini limeziba na shinikizo la ndani linayasukuma mafuta nje.

Wapo wanaofunga moduli ya elektroniki inayotumia pointi kama kiamsho tu, umeme mkubwa ukipitia kwenye transista. Pointi zilizotunzwa hivyo hudumu miaka mingi, ila mwanya wake bado lazima uwekwe, maana ndio unaopanga wakati wa cheche. Kohler wenyewe waliziondoa kabisa katika mfululizo wa Magnum wa miaka ya 1980, hivyo trekta lenye injini hiyo halina kifuniko cha kufungua wala mwanya wa kupima.