Uzee wa Maneno

Mtumishi wa umma Tanzania hustaafu kwa lazima akitimiza miaka 60. Mkulima wa Gehandu hana tarehe hiyo. Kwa Wairaqw, uzee ndio uliompa mtu kazi nzito.

Katika karne ya 20 walisambaa kutoka Irqwa Da'aw, milimani Mbulu, wakashuka kusini hadi Hanang. Kila aya, yaani nchi yao ndogo, ilihitaji wazee wa kusuluhisha ugomvi, kusimamia zindiko la mipaka na kuongoza slufay. Hiyo ni sala ndefu ya kishairi: mzee mmoja hutamka, waliokaa huitikia, mara nyingi chungu cha pombe kikiwa katikati. Asiye na kumbukumbu haiongozi. Mimi siwezi kuuita huo uzee wa kupumzika.

Sheria ya vijiji ya 1975 ikaleta halmashauri, na mashauri mengi yakahamia ofisini. Wazee wakabaki na maneno. Rais aliyeisaini, Nyerere, alipong'atuka 1985 alirudi kwao Butiama kulima. Na mwaka 1996, akiwa na miaka 74, zikachapishwa tenzi zake za Injili.