Ajali, Ulevi na Abiria Aliyenyamaza: Historia Fupi ya Maneno ya Kuwaonya Madereva

Neno ajali limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako ajal ni muda uliowekwa, hasa muda wa mtu kuondoka duniani. Maana hiyo haijafutika: mzee aliyefariki kitandani kwake husemwa kuwa ajali yake ilikuwa imefika. Hata hivyo, kwa msomaji wa magazeti ya leo, ajali ni kwanza basi lililopinduka. Maana hizo mbili zinakaa nyumba moja, na methali “ajali haina kinga” huzihudumia zote mbili bila kuuliza ni ipi inayokusudiwa. Makala haya yanafuata historia ya ushawishi dhidi ya kuendesha gari baada ya kunywa pombe, kutoka Uingereza na Marekani hadi Afrika Mashariki, na yanadai kwamba kazi ngumu haikuwa kamwe kuwajulisha watu kwamba pombe na usukani havipatani. Hilo lilijulikana tangu enzi za farasi. Ugumu ulikuwa kukiita kitendo kwa jina linalomfikia mtendaji, na kuamua ni nani hasa anayesemeshwa.

Sheria ya Leseni ya Uingereza ya 1872 tayari ilimwadhibu mtu aliyelewa huku akiwa na dhamana ya gari la kukokotwa, farasi, ng'ombe au injini ya mvuke barabarani. Mwaka 1897 dereva wa teksi ya umeme jijini London alitiwa hatiani kwa kulewa, na kwa kawaida tukio hilo huhesabiwa kuwa la kwanza la aina yake. Sheria ya 1925 ikataja waziwazi vyombo vinavyoendeshwa kwa mtambo. Katika miaka yote hiyo mshtakiwa alikuwa “mlevi”, yaani mtu wa hali fulani, na hali hiyo ilithibitishwa kwa macho ya polisi na daktari: alipepesuka, ulimi ulikuwa mzito, hakuweza kufuata mstari ulionyooka. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1967, iliyosimamiwa na Waziri Barbara Castle (ambaye mwenyewe hakuwa dereva, jambo ambalo wapinzani wake hawakuchoka kulitaja), ilibadilisha swali. Haikuuliza tena kama dereva amelewa. Iliuliza kama damu yake ina zaidi ya miligramu 80 za alkoholi katika kila mililita 100. Wenye baa walilalamika kwa uchungu, kwa maana kipimo kilimgusa mteja wao wa kawaida, mtu mwenye heshima zake ambaye hangekubali hata siku moja kuitwa mlevi.

Mtu huyo yupo katika Kiswahili pia, na lugha inamlinda vizuri. Kitenzi nywa kikisimama bila yambwa humaanisha kunywa pombe: “siku hizi hanywi” haina habari ya maji. Lewa ni hatua nyingine, na mlevi ni nyingine zaidi, kwani nomino hiyo hutaja tabia ya kudumu na ndani yake mna hukumu. Kati ya kunywa na kulewa pana uwanja mpana ambao wanywaji wameujaza tafsida. Mtu “amepata kidogo”, “amechangamka”, amekunywa “moja moto, moja baridi”. Wa kulewa chakari, au tilalila kama wasemavyo Kenya, daima ni yule wa meza ya pili. Kwa hiyo kauli inayokataza “ulevi” barabarani humpita dereva aliyekunywa chupa tatu bila kumgusa. Anaisoma, anaikubali kwa dhati, kisha anatia ufunguo.

Tofauti hiyo ya kisemantiki si mchezo wa wanaisimu. Nchini Kenya Sheria ya Trafiki humtia hatiani anayeendesha akiwa chini ya nguvu za kileo kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Kanuni za mwaka 2011 zikaongeza kipimo cha pumzi, maikrogramu 35 katika mililita 100, na mwishoni mwa mwaka 2013 vifaa vikatolewa barabarani. Wananchi waliviita Alcoblow. Vyombo vya habari vya Kiswahili vikaviita vipima ulevi. Jina hilo la pili linastahili kutazamwa, kwa sababu kifaa hakipimi ulevi hata kidogo. Kinapima alkoholi katika pumzi, na ulevi ni hitimisho ambalo binadamu hulitoa baadaye. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliona ufa uleule kwa njia ya kisheria: kanuni zilikuwa zimeunda kosa la kupita kipimo, ilhali sheria mama ilijua kosa la kushindwa kulimudu gari. Kwa lugha ya baa, aliyekunywa alikuwa amekamatwa kwa kosa la aliyelewa.

Marekani ilipitia njia tofauti. Mwaka 1980 Candy Lightner, mama wa California aliyempoteza binti yake wa miaka 13 kwa dereva aliyekuwa amekunywa na ambaye alikwisha kupatikana na makosa ya aina hiyo kabla, alianzisha chama cha akina mama kilichokuja kujulikana kama MADD. Kampeni ya matangazo ya kitaifa iliyoanza mwaka 1983 haikumsemesha mnywaji peke yake. Ilizungumza juu ya urafiki, na baadaye ikapata kauli maarufu kwamba rafiki hamwachi rafiki yake aendeshe akiwa amelewa. Mwaka 1988 Jay Winsten wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwashawishi watungaji wa tamthilia za televisheni wamwingize katika hadithi zao mtu anayeteuliwa kutokunywa usiku huo ili awarudishe wenzake. Wazo lilitoka nchi za Skandinavia. Ilipofika mwaka 1991 jina lake la Kiingereza lilikuwa limeingia katika kamusi ya Random House. Ni nadra kampeni ya afya kuacha alama katika kamusi.

Vita vya Wamarekani juu ya neno vilikuwa vikali vilevile. MADD na wenzake walikataa tukio la dereva mlevi liitwe kwa neno linalodokeza bahati mbaya, wakataka liitwe mgongano. Mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo iliendesha kampeni kwa hoja hiyo mwaka 1997, na mwaka 2001 jarida la utabibu la Uingereza, BMJ, likalipiga marufuku neno hilo katika kurasa zake. Kama neno la Kiingereza lenye bahati tu ndani yake lilihitaji kupigwa vita hivyo, mzigo wa ajali, lenye kadari ndani yake, ni mzito zaidi.

Sarufi ya habari huongeza uzito huo. Basi “limeacha njia”, “limepinduka”, “yamegongana uso kwa uso”. Kitenzi pindua kina mtenda; pinduka kimemwacha nje, na gari linabaki peke yake barabarani kama mnyama aliyeshtuka. Ni kweli kwamba taarifa za polisi, hasa Tanzania, huongeza kuwa chanzo ni uzembe, mwendokasi au ulevi wa dereva. Lakini sentensi ya chanzo huja mwishoni, ilhali ile ya gari lililoacha njia huja kwanza, nayo ndiyo hutiwa katika kichwa cha habari.

Katika mazingira hayo ndipo lifahamike jaribio la matatu nchini Kenya. Mwaka 2008 watafiti James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika vibandiko ndani ya matatu zaidi ya 1,000 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Ujumbe haukumlenga dereva. Ulimwomba abiria aseme. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha madai ya bima yameshuka kwa nusu hadi theluthi mbili, kutoka kiwango cha takriban asilimia 10 kwa mwaka. Jaribio la pili, lililotolewa mwaka 2015 na lililohusisha magari 12,000, lilipata upungufu wa kati ya robo na theluthi moja. Ujumbe uliowataka abiria waseme kwa pamoja ulifanya kazi vizuri zaidi. Kampeni hii ya pili iliitwa Zusha!

Uteuzi wa neno hilo ulikuwa wa ujasiri. Zusha ni kauli ya kutendesha ya zuka, na katika Kiswahili cha wazee kinachozushwa huwa fitina, ugomvi au uvumi. Mzushi ni mwongo, na uzushi katika dini ni bidaa. Ni katika usemi wa vijana wa Nairobi ambapo kitenzi kimepata heshima ya kupinga jambo hadharani. Abiria aliyefunzwa kwamba kumkemea dereva, pengine mtu wa umri wa baba yake, ni utovu wa adabu, alipewa amri yenye neno lililokiri kwamba kweli ni fujo, na kwamba fujo hiyo inaruhusiwa. Neno la upole zaidi, kama eleza au shauri, lisingemwondolea aibu. Lingemwacha nayo.

Vibandiko hivyo vililenga uendeshaji wa hatari kwa jumla, wala havikuhusu pombe peke yake. Zaidi ya hayo, matatu ya mchana ina mashahidi kumi na wanne. Gari binafsi linalotoka baa saa nane usiku lina shahidi mmoja au wawili, nao mara nyingi wamekunywa kutoka meza ileile. Hapo ndipo kampeni za Kiswahili hazijapata kitenzi chake. Rafiki anayemnyang'anya mwenzake ufunguo huelezwa kwa sentensi ndefu. Aliyekubali kunywa soda usiku kucha ili awafikishe wenzake nyumbani hana jina lililokubalika, na mezani huulizwa kama anaumwa.