Jaribio Bovu na Jaribio Kigeugeu

Watunzi wa programu za kompyuta hutunga pia majaribio yanayojiendesha yenyewe. Baadhi hufaulu asubuhi na kushindwa jioni, ilhali programu haikuguswa. Istilahi "jaribio bovu" yahukumu kabla ya uchunguzi. Twaona "jaribio kigeugeu" lafaa zaidi.

Historia ya karibu yatusaidia. Mwaka 2000 shirika la APOPO lilihamia Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kuwafunza panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini, na baadaye kifua kikuu katika makohozi. Panya ni mnyama. Leo hutambua, kesho husita. Ndipo makohozi ambayo jibu lake lajulikana yakachanganywa na yasiyojulikana, panya kadhaa wakanusa yale yale, na yaliyoshukiwa yakapimwa tena maabara. Mpimaji naye akapimwa!

Mtunzi wa programu naye hulirudia jaribio mara nyingi bila kubadili kitu, hulitenga na mengine, hugeuza mfuatano wake, huchunguza muda wa kusubiri na data zinazotumiwa kwa pamoja. Anayerudia hadi lifaulu, kisha akanyamaza, huenda ameficha kosa la programu yenyewe. Kwa hiyo mfasiri asiandike "kurudia" panapotakiwa "kuchunguza kwa kurudia".